Bibi Aliletwa na Mtunya

Nilipokuwa mdogo nilidhani Mtunya ni mtu. Likizo za shule tulipelekwa kwa bibi, mama yake baba, upande wa Mvumi, na jioni watu wazima walipokaa nje ya tembe jina hilo halikukosa kutajwa. Fulani alimalizwa na Mtunya. Ng'ombe wa fulani walikwenda na Mtunya. Na bibi mwenyewe, shangazi alisema siku moja kwa sauti ya chini, mama yake akiwa ameingia ndani, "aliletwa na Mtunya." Kichwani mwangu nikamwona mwanamume mrefu, amejitanda mgolole mweusi, anamshika mtoto mkono na kuondoka naye. Sikuuliza. Kwetu mtoto haulizi habari za watu kuletwa.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali, tukakulia Dar es Salaam, na Kigogo changu hakikuvuka maamkizi. Bibi alifariki mwaka 1981. Baba naye akamfuata, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina wa kumuuliza isipokuwa shangazi, na kwamba hata nikimuuliza sijui niulize nini. Miaka michache iliyopita nikachukua daftari, nikaandika maneno matatu tu niliyokuwa na hakika nayo: jina la ukoo wa babu, Mvumi, Mtunya. Nikaenda nalo Mlimani, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaomba kuonyeshwa mkusanyiko wao wa East Africana. Dada aliyekuwa zamu aliyasoma maneno yangu, kisha akaweka kidole juu ya lile la tatu.

"Mzee," akaniambia, "hii ni njaa."

Nimeishi na neno hilo zaidi ya miaka hamsini, na maana yake ilikuwa inanisubiri kwenye rafu, umbali wa nauli moja ya daladala kutoka nyumbani kwangu. Ndiyo maana leo naandika habari za maktaba za vyuo vikuu. Tumezoea kuziona kama mali ya wanafunzi na maprofesa, mahali pa kusomea mtihani. Mimi nasema humo mna bibi zetu na babu zetu, na kwamba kuwaacha humo bila kuwatembelea ni hasara kwetu, na kutuzuia tusiwatembelee ni dhuluma.

Mtunya ni njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyezungumza na wazee wa Dodoma katika miaka ya 1980, aliandika juu yake mwaka 1990 katika jarida la Journal of African History, na makala hiyo niliisoma polepole, kamusi ya Kiingereza ikiwa pembeni. Chanzo chake si mvua peke yake. Wagogo waliujua ukame tangu enzi; mwaka mbaya ukija, mtu huswaga ng'ombe wake wawili watatu mpaka kwa majirani wenye nafaka, akarudi na chakula. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita juu ya nchi yao. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia Dodoma mwezi Julai 1916, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Kisha mvua zikakata. Vilindo vilikuwa vitupu, mazizi yalikuwa matupu, na vijana wa kulima walikuwa wametawanyika kwenye njia za majeshi, wengine wasirudi tena. Watu walikula mizizi, wakahama, wakafa njiani. Na wapo waliotoa watoto wao, wasichana hasa, kwa nyumba ambazo bado zilikuwa na chakula.

Niliposoma hapo nikafunga jarida.

Shangazi hukadiria kwamba mama yake alifika kwenye boma la babu akiwa na umri wa kupoteza meno ya mbele. Hiyo ni miaka sita au saba. Kwa hiyo alizaliwa karibu 1911, na alipofariki alikuwa na miaka sabini hivi, na hiyo ndiyo sura niliyoiona mimi, ya bibi mwembamba anayesonga ugali wa uwele kwa mikono yote miwili. Hesabu zilikubali. Yule mwanamume wa mgolole mweusi akatoweka kichwani mwangu siku hiyo hiyo, na mahali pake akasimama baba mmoja nisiyemjua jina, amebaki na watoto na hana hata debe la uwele, anaamua ni yupi ampeleke mahali atakapokula.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kuuliza kuna haja gani ya kufukua haya. Haja ipo, na ni ya leo. Katika familia yetu neno "aliletwa" lina makali. Kwenye kikao cha ukoo kuhusu shamba, miaka si mingi iliyopita, mtu mzima alisimama mbele ya wazee akawaambia ndugu zangu kwamba nyinyi bibi yenu aliletwa, basi msizungumze sana. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu. Aliyeletwa ni nani? Mtumwa? Mateka? Mtoto asiye na kwao? Kimya chetu cha miaka mingi kilikuwa kimeacha nafasi, na kejeli ikaingia humo ikakaa. Kurasa zile za maktabani hazikumpa bibi yangu ufalme, ila zilimrudishia mambo mawili yaliyokuwa yamepokonywa: sababu ya kuletwa kwake, na wenzake. Hakuwa mtoto mmoja aliyetupwa na watu wabaya. Alikuwa mmoja wa watoto wa njaa iliyotengenezwa na majeshi mawili ya Ulaya yaliyopigana juu ya ardhi isiyo yao. Mtu akisimama tena kikaoni kusema bibi yenu aliletwa, sasa tunaweza kumwambia aliletwa mwaka gani, na aliletwa na nini.

Nikaendelea kwenda. Yule dada akaniletea kitabu cha Mathias Mnyampala, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kilichochapishwa mwaka 1954. Wengi tunamjua Mnyampala kwa mashairi na ngonjera zake. Wachache tunajua kwamba alikaa akakusanya asili za koo za watemi wa Ugogo, moja baada ya nyingine, walikotoka na walikopita, akaandika kwa Kiswahili ambacho mzee yeyote wa kijijini anakielewa akisomewa. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917. Alizaliwa ndani ya Mtunya. Sijui kama wasomaji wake wengine wamelitazama hilo, lakini mimi sikuweza kukisoma kitabu kile bila kukumbuka kwamba mwandishi na bibi yangu walipishana umri kwa miaka michache tu, na kwamba mmoja alipata kalamu na mwingine hakuipata.

Baadaye nikafikia kitabu cha Peter Rigby kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo, cha mwaka 1969. Rigby ameeleza jinsi koo za Kigogo zinavyotambulishana, na kwamba sehemu ya utambulisho huo ni mwiko wa ukoo, muzilo. Hapo nikasimama. Bibi alikuwa na kitu ambacho hakukila maisha yake yote. Kilipopikwa kwa jirani alihama hata upande wa moshi. Sisi watoto tulidhani hakipendi. Nikampigia simu shangazi pale pale nje ya maktaba, nikamuuliza kama babu naye alikuwa na mwiko huo.

"Hapana," akasema. "Babu yako alikuwa anakila. Ni mama peke yake."

Basi mtoto wa miaka sita aliyepelekwa kwa watu wengine alikuwa amekuja na kitu kimoja cha kwao, akakishika mpaka kaburini. Sitakitaja hapa, kwa kuwa mwiko wa watu si habari ya gazetini. Wala haukunipa jibu la mara moja, maana mwiko mmoja waweza kuwa wa koo zaidi ya moja. Lakini umenipunguzia nchi ya kutafuta. Na angalieni namna ulivyopatikana: kitabu peke yake kisingejua kwamba bibi alihama upande wa moshi, na shangazi peke yake asingejua kwamba kuhama huko ni anwani.

Hili ndilo ninalotaka wasomaji walishike kuliko lolote. Tuna msemo tunaopenda kuurudia kwamba mzee akifa ni kama maktaba imeungua, na kwa kuurudia tumejifariji kwamba maktaba zenyewe hazina habari zetu, kwamba kila kitu kiko midomoni mwa wazee. Si kweli. Na wapo wasomi wanaodhani kila kitu kiko kwenye karatasi. Hilo nalo si kweli. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitawanyika katika mikoa ya kusini kuwahoji wazee walioviona Vita vya Maji Maji, au waliosimuliwa na wazazi wao. Wakarudi, wakapiga chapa waliyoyasikia. Fikirini mjukuu wa mmoja wa wazee hao, yuko Kilwa, Liwale au Songea leo, anahangaika kukumbuka babu alisema nini, na maneno ya babu yamekaa Mlimani yakimsubiri kwa zaidi ya nusu karne.

Na si hayo tu. Tasnifu za wanafunzi wa historia na sosholojia zina kawaida moja njema: mwishoni kuna orodha ya waliohojiwa, jina, kijiji, umri, tarehe. Watu husoma hoja za mbele wakaruka orodha ile. Mtu wa ukoo aanzie huko nyuma.

Kila mmoja ana mlango wake. Aliye Msukuma au Mhaya aulizie makabrasha ya Hans Cory, yaliyohifadhiwa Mlimani. Alikuwa mtu wa Austria aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuandika sheria za mila. Mtu wa pwani aulizie miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo J.W.T. Allen aliiorodhesha katika katalogi yake ya mwaka 1970, kwani mswada huwa na mwandishi, na mwandishi ana watoto. Aliyesimuliwa kwamba babu yake alikuwa mwalimu au karani aombe majalada ya Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, ambamo watu wa miji na vijiji walipeleka barua, mashairi na habari za kwao kwa majina yao wenyewe. Wenye wazee waliokuwa manamba kwenye mikonge watapata mengi katika ripoti za kazi. Nje ya nchi nako kumetawanyika vipande vyetu: barua za wamisionari Waanglikana wa CMS, waliofanya kazi Mpwapwa na Mvumi, zimo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, nao unatazamwa bure kwenye intaneti. Picha za Misheni ya Leipzig kutoka Kilimanjaro, Meru na Upare zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California. Mjukuu mwenye simu na bando la usiku aweza kuanza leo.

Lakini asiende mikono mitupu. Ajue kijiji cha kabla ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, kwa kuwa karatasi za mwaka 1930 hazikijui kijiji cha 1974. Awaulize wazee mahame yao yako wapi, na mbuyu gani uko karibu. Ajue miaka kwa majina yake, mwaka wa nzige, mwaka wa njaa fulani, ndipo vitabu vitampa tarakimu. Na awe mpole kwa tahajia. Karani wa Kiingereza alipoambiwa Ng'hong'honha aliandika alichoweza, na jina la babu yako huenda limeandikwa namna tatu katika kurasa mbili. Lisome kwa sauti. Sikio litalitambua pale jicho lilipoliruka.

Jambo jingine la kujiandaa nalo linauma zaidi. Karatasi za kikoloni zina watemi, maakida, majumbe na walipa kodi. Zina wanaume. Mtemi Mazengo wa Mvumi yumo, na anastahili kuwamo. Mwanamke aliyebeba maji wakati mtemi anazungumza na bwana shauri hayumo, na mtoto wake hayumo. Nimepitia kurasa nyingi juu ya Mtunya na sijakutana na msichana hata mmoja aliyetolewa kwa chakula akaandikwa jina. Wameandikwa "watoto".

Sasa nizungumzie geti. Katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, nilisimamishwa mlangoni nikaulizwa natoka taasisi gani. Nikasema natoka nyumbani, natafuta habari za bibi yangu. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwa adabu kwamba anahitaji barua ya mwajiri au ya chuo, na mimi nimestaafu. Nikarudi. Nilikuwa na nauli ya kurudi na moyo wa kwenda kwingine. Mama wa miaka sabini kutoka Chilonwa au Manda, akiulizwa swali lile lile, harudi tena.

Najua hofu za wakutubi. Kitabu cha mwaka 1954 kikichanika hakuna kingine. Kurasa zimewahi kukatwa kwa wembe na wasomi wenye vyeti, si na wakulima. Lakini hofu hizo zina dawa, na dawa si kufunga mlango. Kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa kijiji vingetosha kumtambulisha mtu, kama vinavyotosha anapofungua akaunti ya benki. Vitabu visomewe humohumo, mbele ya macho ya mhudumu, kama ilivyo desturi ya mikusanyiko maalumu duniani kote. Meza moja itengwe Jumamosi, kwa ajili ya watu wa koo. Tangu 2018 Mlimani kuna maktaba mpya kubwa, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi za kukaa watu zaidi ya elfu mbili. Meza moja haitaonekana kupungua. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi haya ni ya Kiingereza na mengine ya Kijerumani, pawe na mwanafunzi wa historia wa kuwasomea wazee na kuwafasiria. Mwanafunzi huyo ataondoka na mengi kuliko aliyoyaleta.

Dodoma ina Chuo Kikuu tangu 2007, kimejengwa juu ya ardhi ya Wagogo hao hao. Natamani kila ukurasa unaohusu Ugogo, uliopo Dar es Salaam, Birmingham au kwingineko, uwe na nakala pale, ili mtu wa Bahi aende asubuhi na arudi jioni. Treni ya umeme imefupisha safari ya Dar, ni kweli. Lakini nauli ni nauli, na usiku mmoja mjini bila mwenyeji ni mzigo.

Wapo watakaoniambia kwamba mengine ni heri yabaki yamefunikwa. Nawaelewa. Si kila kitu ninachokipata nakitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Utumwa, uchawi uliosingiziwa watu, mtoto aliyezaliwa nje, haya yana wenyewe, na wengine wako hai. Mimi nilijiwekea sharti kwamba lolote linalomhusu bibi lipite kwanza kwa shangazi, na akisema liishe hapo, liishe hapo.

Kwa hiyo mwezi wa saba nilipanda treni nikiwa na kopi za zile kurasa za Maddox ndani ya bahasha. Shangazi ana miaka themanini na mitano sasa. Tulipomaliza kuamkiana, mbukwenyi zetu zote na habari za ng'ombe na za mvua, tukakaa kwenye mkeka, nikamsomea. Nilifasiri kwa Kiswahili taratibu, mstari kwa mstari: majeshi, ng'ombe, mvua, watu kuhama. Alikuwa anapepeta uwele. Mikono yake haikusimama mpaka nilipofika mahali pa watoto.

"Wamewaandika majina?" akauliza.

Nikamwambia hapana, shangazi, hawakuwaandika.

Akaweka ungo chini. Akakaa kimya, kisha akanitajia jina. Halikuwa jina tulilomjua nalo bibi. Lilikuwa lile alilopewa kwao, kabla ya kuletwa, ambalo alimwambia binti yake mara moja tu, usiku, na kumkataza kulisema. Nikamuuliza kama naruhusiwa kuliandika. Akafikiri. Akasema niandike kwenye karatasi hiyo hiyo, pembeni, si kwenye daftari langu.

Nikaliandika kwa penseli.

"Haya, baba," akasema, akivuta ungo wake. "Soma tena. Ukifika pale kwenye watoto, mtaje."